Nimeonja kwanza, ndipo nawaletea

Maneno ya mfanyakazi wa maktaba mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi, Katuba, Lubumbashi

Jambo kwenu baba na mama, jambo walimu wetu, na ninyi wadogo zangu mliotoka shule mkaja moja kwa moja na mifuko mgongoni. Asanteni kwa kufika. Naona viti havikutosha na wengine wamesimama mpaka barazani, kwa hiyo sitazunguka sana.

Wengi mnanijua kwa daftari. Ndimi ninayeandika majina yenu mkiazima kitabu, na ndimi ninayewatuma watoto wawakumbushe kikichelewa kurudi. Lakini tangu mwaka jana nina kazi ya pili humu ndani. Kila Alhamisi mchana, umeme ukiwapo, nakaa mbele ya kompyuta ile ya karibu na dirisha na kujaribu tovuti, moja baada ya nyingine. Mama mmoja alipita akanikuta nimezungusha dunia nzima kwenye kioo, nasikiliza redio ya nchi nisiyoijua lugha yake. Akaniuliza kwa upole kama siku hizi maktaba inalipa watu kucheza. Siku ile sikumjibu vizuri. Nimekuja kumjibu leo, maana swali lake ni la haki.

Mama, hakuna anayepika sombe akaipeleka mezani bila kuionja. Kitabu kikifika hapa nakifungua, naangalia ni nani aliyeandika, ni cha mwaka gani, kurasa zote zipo au zimechanwa, ndipo nakiweka rafuni. Sasa wasomaji wetu hawaishii rafuni. Kila siku kijana ananijia na simu mkononi ananiambia, "Intaneti imesema." Nami namjibu kuwa intaneti haina mdomo. Kuna mtu ameandika, mahali fulani, kwa sababu fulani, na huyo ndiye tunayemtafuta. Nitamsaidiaje kumtafuta kama mimi mwenyewe sijawahi kuingia huko?

Nami nimeonja vichungu. Tovuti moja iliahidi vitabu vya Kifaransa bure kabisa, mradi niandike namba ya simu. Nikaandika yangu. Kesho yake unite zikaisha bila kupiga mtu. Nikaongeza, zikaisha tena. Ilichukua karibu wiki mbili kujiondoa kwenye huduma ambayo sikuiomba, na vitabu sikuviona. Nilishukuru kuwa ilikuwa namba yangu, si ya mtoto wa shule ambaye mama yake anauza mkaa sokoni ili apate za kuweka. Tangu siku ile, kabla ya kusifu chochote, nataka kujua: je, inaniomba namba au kadi ya benki kabla sijaona ukurasa hata mmoja? Itakula mega ngapi? Naweza kuihifadhi nikaisoma umeme ukikatika? Na nyuma yake yuko nani?

Nianze na ile redio, kwa sababu ndiyo iliyoniletea jina baya. Inaitwa Radio Garden. Ilianzia Uholanzi, ikafunguliwa kwa watu wote mwaka 2016. Unaona tufe la dunia, na juu yake vidoa vya kijani. Kila kidoa ni mji wenye redio inayotangaza saa hiyo hiyo. Unasogeza tufe kwa kidole, unasikia Kampala, unasogeza kidogo, unasikia Lusaka. Haiombi jina wala namba. Inafaa nini? Niliwaita watoto wa darasa la sita tukatafuta miji ambayo watangazaji wake wanaongea Kiswahili. Tukasikia cha Dar es Salaam, tukasikia cha Nairobi, wakacheka, wakaanza kubishana ni maneno gani sisi tunayasema vingine. Lile lilikuwa somo la lugha, na hakuna aliyesinzia. Ila niwaambie ukweli wa gharama yake: redio inayotumwa kwa kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu mega 58 kwa saa moja. Kwa hiyo isikilizeni hapa, msiisikilizie kwenye mega za nyumbani.

Tovuti ya pili ya mchezo imewagusa watu wazima zaidi. Inaitwa The True Size, na kazi yake ni moja tu: unachagua nchi, unaiburuta juu ya ramani, nayo inabadilika umbo kadiri unavyoisogeza, ili uone ukubwa wake wa kweli ikilinganishwa na nyingine. Ramani iliyobandikwa ukutani katika madarasa mengi inatokana na mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569. Aliwachorea mabaharia. Mstari ulionyooka kwenye karatasi yake unashika uelekeo uleule wa dira baharini, na kwa kazi hiyo ni ramani nzuri sana. Lakini ili mstari unyooke hivyo, ilibidi nchi zilizo karibu na ncha za dunia zivutwe mpaka zikavimba, na sisi wa ikweta tukabaki na kimo chetu. Ndiyo maana ukutani Greenland inaonekana kama inatoshana na Afrika yote, na kumbe Afrika inaizidi mara 14.

Mwalimu mmoja wa jiografia alikuja na ramani yake ya miaka mingi imekunjwa chini ya kwapa. Nikamwomba aikamate Kongo kwa kidole aipandishe hadi Greenland. Kongo ikaonekana kubwa kuliko Greenland. Nchi yetu ina kilomita za mraba kama 2,345,000. Greenland ina kama 2,166,000. Kisha akaishusha juu ya Ubelgiji, ambayo ina kama 30,500, na Ubelgiji ikapotea kabisa chini yake. Tungeipanga karibu mara 77 ndipo itujae. Mwalimu alikaa kimya. Halafu akaniomba turudie tangu mwanzo. Mwezi wa nane mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mkono kampeni ya kuacha ramani ya Mercator mashuleni na kwingineko, na mimi nasema mtoto wa Katuba asingoje ramani mpya ifike kwa lori. Aje hapa aiburute nchi yake kwa kidole.

Sasa, umeme. Ninyi mnajua, sina haja ya kueleza. Kwa muda mrefu nilidhani tovuti nzuri ni ile inayofunguka haraka. Siku hizi nadhani tovuti nzuri ni ile inayokubali kuondoka na wewe. Ndiyo sababu kitu nilichokipenda kuliko vyote vya matumizi ya kila siku ni programu iitwayo Kiwix. Ilianzishwa mwaka 2007, ni ya bure, na inafanya jambo rahisi: inachukua tovuti nzima, kwa mfano Wikipedia, inaibana ndani ya faili moja, nawe unaisoma bila intaneti yoyote. Unapakua mara moja. Baada ya hapo mega zako zinabaki zako.

Nilipakua usiku, wakati mtandao una watu wachache. Faili ya kwanza ilikatika mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Leo kompyuta yetu ina Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ilianza mwaka 2003, na ina Vikidia. Mama na baba mwenye mtoto wa shule ya msingi, shikeni jina hilo. Vikidia ni kamusi elezo ya Kifaransa iliyoanzishwa mwaka 2006 kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 13. Sentensi ni fupi, maneno magumu yanaelezwa. Mtoto wetu anafundishwa kwa Kifaransa ambacho hakukinyonya kwa mama yake. Ukimpa Wikipedia ya wakubwa atanakili maneno asiyoyaelewa na kumpelekea mwalimu. Ukimpa Vikidia atakusimulia kwa Kiswahili alichosoma. Nimeona tofauti hiyo kwa macho yangu kwenye meza ile.

Na kompyuta yenye Kiwix inaweza kugawa faili zake kwa simu zilizo karibu kupitia wai-fai, bila kugusa intaneti ya nje hata kidogo. Betri ikiwa imejaa, giza likiingia, watu kadhaa wanaweza kuendelea kusoma kwenye simu zao. Mwenye flashi yenye nafasi ya kutosha aje nayo, nitamnakilia. Ni halali. Walioandika wameruhusu.

Kwa wadogo kabisa kuna African Storybook, kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi fupi zenye picha, za bure, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za bara letu. Unaruhusiwa kuzichapa, kuzibadili, hata kuzitafsiri kwa lugha ya bibi yako. Nimechapa nne, nimezishona kwa uzi. Ziko kwenye kikapu pale chini ambako mtoto wa miaka mitano anafika bila kuomba ruhusa.

Wanafunzi wa chuo, mlio na TFC shingoni, ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo. Ninyi mnanitia huruma kuliko wote. Binti mmoja anayesomea uuguzi alinionyesha makala aliyoihitaji. Ukurasa ulimdai dola zaidi ya 30 ili aisome kwa siku moja. Alikuwa tayari kuchanga na wenzake. Nikamwambia angoje. Kuna mpango wa kusoma majarida ya afya uitwao Hinari, ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2002 pamoja na wachapishaji wakubwa; wa kilimo unaitwa AGORA, ulifuata mwaka 2003. Yote imo chini ya jina la Research4Life, na taasisi za nchi yetu zimo katika kundi lisilolipa. Lakini anayejiandikisha ni taasisi, chuo au hospitali, siyo mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo nendeni kwa mkutubi wa chuo chenu mkamwulize neno la siri, na kama chuo hakijajiandikisha, mwombeni akiandikishe. Msione haya kumrudia. Na kwa yale yaliyo wazi kwa kila mtu kuna Directory of Open Access Journals, orodha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund huko Sweden mwaka 2003: majarida yaliyomo hayamdai msomaji hata senti. Binti yule makala ile hakuipata, alipata nyingine mbili zilizomfaa vilevile, moja kwa Kifaransa.

Vitabu vya zamani, nitasema upesi: Project Gutenberg. Michael Hart aliianza mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois, akipiga chapa maandiko kwa mkono wake mwenyewe kwenye kompyuta kubwa ya chuo. Leo ina vitabu zaidi ya 70,000, maelfu yake kwa Kifaransa, na riwaya ya maandishi matupu mara nyingi haifiki hata mega moja. Ni nyepesi kuliko picha moja mnayotumiana.

Niseme kidogo kuhusu kifo, maana tovuti hufa. Mwaka 2005 kijana mmoja Mwingereza, Alex Tew, alikuwa anatafuta ada ya chuo. Akatengeneza ukurasa wa mraba wa nukta 1,000 kwa 1,000, akauza kila nukta kwa dola moja, mtu aweke tangazo lake humo. Nukta milioni moja zikaisha. Ukurasa bado upo, umejaa vipande vya rangi kama kitambaa cha viraka. Lakini bonyeza sasa: viungo vingi havifiki popote. Waliolipa wameondoka, nyumba zao zimebomoka. Huwa nawaonyesha wanafunzi ukurasa huo kabla sijawaonyesha Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani la Internet Archive, ili waelewe kwa nini ipo. Internet Archive ya San Francisco ilianza kuhifadhi kurasa za intaneti mwaka 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuandika anwani ya ukurasa uliokufa akaona ulivyokuwa mwaka fulani, siku fulani. Na unaweza kuiomba ikuhifadhie ukurasa leo, kabla haujafa. Wanafunzi, fanyeni hivyo kwa kila ukurasa mnaoutaja kwenye TFC. Mwalimu atakayeutafuta miaka mitatu baadaye ataukuta.

Nimefika kwenye yetu wenyewe, na hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo nilipoacha kuona kazi hii kama kazi ya Alhamisi tu.

Mnaijua OpenStreetMap? Ni ramani ya dunia ambayo watu wenyewe wanaichora; Mwingereza Steve Coast aliianzisha mwaka 2004. Mwaka 2014, kipindupindu kikiwa kinasumbua mji huu, Madaktari Wasio na Mipaka walihitaji ramani ya mitaa yetu, wajue wagonjwa wanatoka wapi na maji yao yanatoka wapi. Watu wa kujitolea walio mbali, ambao hawajawahi kula bukari yetu, wakakaa usiku wanachora nyumba na njia za Lubumbashi kutoka kwenye picha za setilaiti. Anayechora kwa setilaiti anaona paa na njia, haoni jina. Jina linajulikana na mtu anayepita hapo kila siku. Nikafungua Katuba nikaanza kutafuta: barabara hii ipo na jina lake, ile ipo haina jina, bomba la maji tunalolijua sote halipo. Nilijiandikisha, nikaandika jina la barabara yangu. Ilikuwa dakika kumi. Vijana watatu wamenisaidia tangu hapo, tunatembea na daftari, tunauliza wazee, tunarudi tunaandika.

Na kuuliza wazee ndiko kulikonipeleka kwenye tovuti ya mwisho nitakayowatajia. Inaitwa Language and Popular Culture in Africa, ilitengenezwa na Johannes Fabian na Vincent de Rooij wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Kurasa zake ni maandishi matupu, hazina urembo, zinafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Ndani yake kuna sehemu ya maandiko ya Kiswahili cha watu wa kawaida. Nilidhani nitakuta cha pwani. Nilikuta cha kwetu! Kuna mazungumzo ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mtu wa mji huu, akieleza miaka ya sabini picha alizochora za historia ya nchi. Na kuna andiko la mwaka 1965 linaloitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville, jina la zamani la mji wetu, lililokusanywa na André Yav kwa niaba ya wale waliofanya kazi majumbani mwa Wazungu, maboi kama walivyoitwa. Wameandika wenyewe mji ulivyoanza, kazi, mishahara, mabwana. Hawakungoja profesa.

Nilijaribu kulisoma kwa macho nikashindwa. Maneno yameungana pasipo desturi, mengine yamekatwa katikati, nukta ni chache. Kumbe Fabian naye alishindwa kwa macho, mpaka Kalundi Mango, mzaliwa wa lugha yenyewe, alipolisoma kwa sauti kwenye kinasa sauti. Sikio likafahamu kilichokuwa kinalishinda jicho. Basi nikachapa kurasa chache nikampelekea mzee mmoja wa hapa mtaani, ambaye baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mjini miaka ya hamsini. Akavaa miwani, akasoma taratibu, sauti ikipanda na kushuka. Mistari ambayo kwangu ilikuwa kichaka ikawa maneno ya watu. Alifika kwenye neno moja, akasimama, akasema, "Hivi ndivyo baba alivyokuwa anasema." Wajukuu wake wawili walikuwa wameshaacha simu, wamekaa chini.

Wazee wetu wanasema mwonja asali huchonga mzinga. Andiko hilo limelazwa kwenye seva ya Ulaya, na nashukuru limelazwa salama, lakini maktaba ya Katuba nayo inalistahili, likiwa limechapwa, likiwa na sauti ya mtu wa hapa akilisoma. Mkuu wa maktaba amekubali tuanze. Mzee amekubali kuja kila Alhamisi. Vijana wa ramani watashika kinasa sauti, na kila jina la mahali atakalolitaja watalitafuta liko wapi leo.

Kwa hiyo mama uliyeniuliza, kama upo hapa, hiyo ndiyo kazi ninayoifanya pale dirishani. Alhamisi ijayo saa nane mchana tunasoma ukurasa wa tano. Umeme ukiwapo au usipokuwapo, kinasa kina betri. Ila viti ni hivi mnavyoviona; atakayeweza, aje na chake.